Karata za Baba na Kompyuta Zangu

Kompyuta yangu ya kwanza ilipanda kwenda kwetu Molo ndani ya lori la viazi. Lori lilikuwa limeshusha magunia sokoni Nakuru na sasa linarudi tupu, lakini dereva, ambaye ni jirani yetu, alikataa katakata kuiweka nyuma.

"Hii ni kitu ya masomo," aliniambia. "Haiwezi kukaa mahali viazi zimekaa."

Basi tukaiketisha katikati yetu kwenye kabini, imefunikwa blanketi la mtoto. Kila tulipofika kwenye matuta alipunguza mwendo na kuitupia jicho, utadhani amebeba mjamzito anayepelekwa hospitali.

Nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta katika chuo kidogo mjini, orofa ya juu ya duka la viatu. Baada ya kozi nilibaki pale nikiwafundisha wageni jinsi ya kushika kipanya bila kukikamua kama ndimu. Chuo kiliponunua mashine mpya, mwenye chuo akaniambia nichague moja kati ya zile kuukuu, iwe shukrani yake kwangu. Nilichagua ile iliyowaka bila kupigwa kofi. Wenzake wote walihitaji kofi.

Stima ilikuwa imefika kwetu si kitambo. Mama akaipangia kompyuta mahali pa heshima sebuleni, kando ya redio, halafu akaitazama vile ilivyokaa wazi bila nguo, akasikitika. Mama ni mtu wa kufuma vitambaa. Makochi yetu yana vitambaa, meza zina vitambaa, redio ina chake. Haikupita wiki kabla kioo cha kompyuta kupata kitambaa cha maua, kibodi kikapata chake, na lile sanduku lenyewe ambalo watu huliita CPU likavikwa kitu kirefu mfano wa sketi. Hata kipanya kilifumiwa kofia.

Baba hakuisogelea. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa viazi na mahindi, na mtu asiyependa kitu chochote kinachomfanya aonekane hajui. Aliipita akielekea jikoni, akaipita tena akirudi. Siku moja alisimama.

"Inasema nini?"

"Haisemi, Baba. Inaandika."

"Inaandika nini?"

"Chenye utaiambia."

"Mimi sina cha kuiambia," akasema, akaenda kukama ng'ombe.

Lakini udadisi ni kikohozi, haufichiki. Alasiri moja ya ukungu, mvua imewafukuza watu wote shambani, akavuta kiti akaketi mbele yake na kuniambia nimwonyeshe "hiyo panya." Sasa, pale chuoni tulikuwa na njia moja tu ya kumfundisha mtu mzima kutumia kipanya, na njia yenyewe ilikuwa ule mchezo wa karata uliokuja ndani ya kila kompyuta siku hizo. Unavuta karata hapa, unaiachilia pale, mkono unazoea. Niliufungua bila kufikiria.

Kioo kikajaa karata. Hapo ndipo nilipokumbuka mimi ni mtoto wa nani. Katika kanisa letu karata zilihesabiwa pamoja na pombe na disko. Baba mwenyewe aliwahi kuchoma pakiti nzima iliyosahauliwa na wachimba viazi kwenye ghala letu, akasimama hapo mpaka mfalme wa mwisho akawa jivu.

"Hizi ni nini?" akauliza.

"Ni picha, Baba. Za kufundisha mkono."

"Ni karata."

"Ni picha za karata."

Nilimwona akilipima jambo hilo kama anavyopima maneno ya mtu kwenye baraza la wazee.

"Unacheza na nani?"

"Hakuna mtu. Unacheza peke yako."

"Na hakuna kamari?"

"Hakuna."

"Basi hii ni hesabu," akaamua, akashika kipanya kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo hatukumpata. Alikuja kwenye hesabu yake baada ya kukama, akaja baada ya chakula, akaja hata wakati wa habari za redio, jambo ambalo Mama alisema halijawahi kutokea tangu waoane. Mkono wake uliozoea jembe ulikuwa mzito, na karata zilimponyoka zikaangukia kusikofaa, lakini aling'ang'ana. Mara ya kwanza alipomaliza mchezo na karata zote zikaanza kurukaruka kwenye kioo kumpongeza, alisimama wima akatuita sote tuje kushuhudia. Tulifika zikiwa zimekwisha kuruka. Akalazimika kushinda tena, na hilo lilimchukua hadi msimu wa palizi.

Mauti ya kwanza ya kompyuta ile yaliletwa na mchungaji, japo mwenyewe hajui mpaka leo. Alikuja bila taarifa Jumamosi moja kuzungumzia mavuno ya kanisa. Mama alikuwa nje akiwawekea kuku maji, akapaza sauti kwa adabu zote, "Karibu Pasta! Karibu ndani!" Baba alikuwa katikati ya mchezo. Kuufunga vizuri alikuwa hajajifunza. Alijua kuufungua tu. Akaruka, akaushika waya, akaung'oa kwenye soketi.

Mimi nilikuwa mlangoni nyuma ya mchungaji na nikaona kila kitu. Baba amesimama katikati ya sebule na plagi mkononi, ameishikilia mbali na mwili kama aliyemkamata nyoka shingoni.

"Stima inatusumbua sana huku," akasema.

Taa ya juu ilikuwa inawaka, kwa sababu ya ukungu. Ilikuwa inawaka moja kwa moja juu ya kichwa chake. Mchungaji akaitazama taa, akamtazama Baba, akasema, "Poleni sana," akaketi kungoja chai.

Jioni kompyuta ilikataa kuamka. Ilitoa mlio wa kukwaruza, ikaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi, ikakomea hapo. Baba alisema ililala yenyewe. Nilikuwa nasikia kwamba diski ya kompyuta huweza kufa ukiikatia stima ghafla, lakini ndani ya kompyuta sikuwa nimewahi kuona. Pale chuoni kulikuwa na fundi, na fundi alikuwa akitufukuza akifungua.

Nikaazima bisibisi ya Baba, ile ya pampu ya kunyunyizia dawa, nikafungua. Nilidhani nitakuta kitu cha kutisha, nyaya elfu zinazojuana zenyewe. Nikakuta vumbi, buibui aliyehamia, na vipande vichache tu vilivyochomekwa mahali pao kwa ustaarabu, kila kimoja na nafasi yake, kila plagi na umbo lake ili usikosee. Nilikaa chini sakafuni nikacheka. Kumbe ni hivi tu!

Niliteremka Nakuru na ile diski kwenye mkoba, nikazunguka kwa mafundi mpaka mmoja akanipa nyingine iliyotumika. "Siste, hii ni eksi-yukei," aliniambia, yaani imetumika Uingereza kabla ya kuletwa kwetu, kwa heshima ile watu huwazungumzia ng'ombe wa gredi. Nikarudi, nikaichomeka, nikaipa maisha upya. Ilipotoa ule mlio wake wa kuamka nilipiga unyende hata Mama akaja mbio na fimbo ya mbao, akidhani nimenaswa na stima.

Huo ndio ugonjwa wangu ulipoanza, na sijapona. Mtu akishajua kwamba kitu kizee kinaweza kufunguliwa, kuondolewa kilichochoka na kutiwa kingine, hawezi tena kupita karibu na kitu kizee kwa amani. Nilianza kuongezea memori. Ilipoanza kujizima yenyewe kila baada ya muda, nikabadilisha feni. Ikaendelea kujizima. Nikabadilisha kile kisanduku cha kugawa stima ndani. Ikaendelea. Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipoweka mkono juu ya sketi ya Mama na kuhisi joto la chapati. Matundu yote ya kupumulia yalikuwa yamezibwa na maua ya uzi.

"Mama, hii kitu inakosa hewa. Lazima tuivue."

"Ikae uchi mbele ya wageni?"

Tulijadiliana siku kadhaa. Mwishowe alifuma kingine chenye mashimo makubwa, kwa ile mishono anayofumia vikoti vya kwenda harusini, na kompyuta ikapumua.

Baadaye nilipata kazi Nakuru ya kutunza kompyuta za shule, nikaolewa na mwalimu mpole wa Kemia, tukahamia mtaa wa Section 58. Upole wake nimeutumia vibaya. Kila shule iliyotupa mashine niliiokota. Shule moja ikaleta ya rafiki yake. Nyingine zilikuja na ubao mzuri, ule wa ndani unaobeba vipande vyote, lakini hazina diski, nyingine zina diski lakini kioo kimepasuka, na mimi nikawa nawaunganisha kama mshenga. Zilijaa chumba cha wageni, zikaingia chini ya kitanda, zikaelekea jikoni. Siku mgeni alipofungua kopo la biskuti akakuta vipande vya memori vimepangwa kwenye pamba, mume wangu aliweka chai yake chini polepole.

"Watu hufuga kuku," akasema.

"Kuku hunya."

"Kuku hutaga pia."

Nikabadilisha mada.

Katika kundi hilo nilimtengenezea Baba kompyuta mpya. Mpya kwa maana yetu: ilikuwa imestaafu mahali fulani ofisini, lakini nilikuwa nimeitia memori ya kutosha na mfumo wa kisasa, na kioo chake kilikuwa bapa, si kile cha zamani chenye mgongo mkubwa kama gunia. Nilipanda nayo Molo, nikaifunga, nikaondoka na ile kongwe na fahari yangu. Baba alishukuru. Siku iliyofuata akapiga simu.

"Mama," aliniambia, huniita hivyo akiwa na jambo zito, "umeniletea kompyuta imeokoka."

"Imeokoka vipi?"

"Imeacha karata."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kweli, mfumo ule mpya haukuja na ule mchezo. Nilimwahidi nitaushughulikia nikipata nafasi, na nafasi ikachelewa, maana shule zilikuwa zimefungua. Baba hakuweza kungoja. Mchungaji alipopita tena kuwaona, Baba alimlalamikia kwamba binti yake amemharibia mashine, ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi vizuri na hii imekosa kitu. Kitu gani, hakusema. Mchungaji, ambaye ni mtu mwema, akaweka mkono juu ya kitambaa cha Mama kilichoifunika na kuomba kwamba mashine hii irudishiwe hali yake ya kwanza.

Mama ndiye aliyenisimulia, akijifuta machozi ya kicheko. "Sasa utafanya nini? Imeshaombewa."

Ningefanya nini! Wikendi hiyo nilichukua ule mchezo kutoka kwenye diski ya ile kongwe, nikahangaika nao mpaka ukakubali kuishi ndani ya mashine mpya, nikapanda nao Molo. Baba alipoona karata zimerudi aliinamisha kichwa na kusema, "Amina." Sijui kama alikuwa anatania.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha yakaja malalamiko ya aina nyingine.

"Inakataa," alinipigia. "Naweka karata, inairudisha. Naweka, inairudisha. Hii panya imezeeka."

Nikampelekea kipanya kingine. Baada ya wiki, "Bado inakataa." Nikapanda, nikaongeza memori. Ikawa hivyo hivyo. Nikabadilisha diski, nikamtilia ile ya kisasa isiyozunguka, mashine ikawa inaamka kabla hujamaliza kuketi. Alisifu mwendo wake, halafu akasema, "Lakini bado ina kiburi." Nikabadilisha waya wa kioo. Nikausafisha ubao kwa brashi ya rangi. Kila safari niliteremka na gunia la viazi na kabichi za Mama bila kujua nimetengeneza nini. Mimi, ambaye shule zote za wilaya hunitegemea, nilikuwa nimeshindwa na mchezo wa karata.

Mara ya mwisho sikuleta kitu. Nilivuta kiti nikaketi nyuma yake nikamwambia acheze, nitazame tu.

Alicheza. Kulikuwa na tisa nyekundu iliyongoja nane nyeusi. Baba akatafuta, akashika karata nyeusi, akaivuta kwa uangalifu mpaka juu ya ile tisa, akaiachilia. Ikarudi ilikotoka.

"Umeona? Inakataa."

"Hiyo ni ngapi, Baba?"

"Ni nane."

Ilikuwa sita.

Nilisikia maji yakichemka jikoni. Kisha nikamwuliza, kana kwamba ni jambo la kawaida, ile saa ya ukutani inasema saa ngapi. Aligeuka akaielekezea uso, akakunja macho.

"Ile saa imesimama," akasema.

Saa ilikuwa inatembea. Mama, aliyekuwa mlangoni na vikombe, alianza kucheka kisha akaacha. Tukatazamana. Mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani mwangu: kwamba Baba siku hizi huwaachia wengine kusoma Neno kanisani, "wajizoeze", kwamba hakutaka tena kutembea peke yake jioni, akisingizia baridi, kwamba mara ya mwisho alinisalimia kwa jina la dada yangu mpaka nikajibu, akanijua kwa sauti. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu ndani ya ile mashine, na yule aliyekaa mbele yake sikumtazama hata mara moja.

"Baba, mashine ni mzima," nilimwambia. "Macho ndiyo imechoka."

Alikasirika kwanza. Alisema macho yake yanaona ng'ombe, yanaona mvua ikitoka upande wa Kuresoi, sasa yashindwe na karata? Kisha akauliza, sauti ya chini kabisa, "Hiyo ilikuwa ngapi?"

"Sita."

"Na ile ya kabla yake?"

"Ilikuwa tatu."

"Ala," akasema. "Kumbe imekuwa ikinivumilia."

Tulimteremsha Nakuru, yeye na Mama, wakakaa kwetu. Daktari wa macho alimwangalia akasema ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba wataanza na lile lililo baya zaidi. Baba alimwuliza kama hakuna namna nyingine, kwani watoto alionao wanamtosha. Mimi nilimweleza kwa lugha ninayoijua: wanatoa kile kioo kidogo kilichochafuka ndani ya jicho, wanaweka kingine kisafi mahali pake.

"Kinatoka wapi?"

"Hicho ni kipya, Baba. Hicho si eksi-yukei."

"Mara hii umejaribu," akasema, akaingia kufanyiwa.

Bandeji iliondolewa asubuhi iliyofuata. Tulirudi nyumbani, akaketi sebuleni kwangu, akaanza kukagua. Alinitazama mimi kwanza.

"Kumbe una mvi."

Akamtazama mume wangu. "Na huyu amenenepa. Mbona hamkuniambia?" Akatazama mapazia, akauliza yameanza lini kuwa ya kijani. Kisha akamgeukia Mama. Alimtazama, akamtazama, mpaka Mama akaona haya na kuvuta leso yake.

"Ni nini?" Mama akauliza.

"Hakuna," akasema Baba. "Keti tu hapo."

Nilienda jikoni kuangalia chai ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Daktari alikuwa amemkataza kuinama, kubeba kitu na kusugua jicho, na Baba hajui kukaa bure. Nilipoona anaanza kumsumbua Mama kuhusu ng'ombe walioachiwa jirani, nilimwita kwenye chumba changu cha mashine. Alikuwa hajawahi kukiona vizuri. Alisimama mlangoni akazitazama mashine zilizopangwa mpaka darini, zingine wazi, zingine zimelazwa ubavu.

"Hizi zote zina karata?"

"Chache tu, Baba."

Nilimketisha kwenye kiti kirefu ili asiiname, nikashusha ubao mmoja wa kompyuta, nikaupangusa, nikauweka mbele yake kwenye mwanga wa dirisha. Alidhani nitamweleza kazi za vipande, nami ndivyo nilivyokusudia. Lakini alikuwa ameshagundua jambo jingine. Juu ya kila kipande cheusi, hata kile kidogo kuliko punje ya mtama, kuna maandishi meupe, membamba mno. Mimi mwenyewe huyasoma kwa simu, napiga picha kisha naikuza.

Baba alifunika kwa kiganja lile jicho ambalo zamu yake ilikuwa bado. Akausogeza uso, si sana, na kuanza kusoma kwa sauti ile aliyokuwa akisomea kanisani.

"K," akasema. "Nne. Nane. Nane tena. Hii ni B, ama ni nane? Hapana, ni B." Akahamia kipande cha pili, akakimaliza. Akahamia cha tatu.

"Hayo hayana maana yoyote, Baba," nilimwambia. "Ni namba za kiwandani tu."

"Nyamaza kidogo," akasema, bila kuinua kichwa. "Nasoma."

Mama akaja na chai, akasimama kando yangu. Tukamsikiliza akisoma ubao mzima, safu baada ya safu, na alipoufikisha mwisho aliugeuza, aone kama upande wa nyuma pia wameandika.